Lugha Iliyofika Nyanchwa

Leo natuende pamoja hata kilima cha Nyanchwa, kando ya mji wa Kisii, tutazame kazi ya misheni ilivyoanza huko.

Mwaka 1906 watumishi wa Kiadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay. Mmoja alikuwa Mkanada, Carscallen. Mwenzake alikuwa Mwafrika, Peter Nyambo, aliyetoka Nyasaland, nchi iitwayo sasa Malawi. Tumezoea kufikiri kwamba mmisionari ni mzungu peke yake na kofia yake. Kumbe Mwafrika alikuwapo tangu siku ya kwanza! (Nyambo huyo ndiye aliyepeleka London, mwaka 1914, malalamiko ya watu wa kwao juu ya utawala wa Waingereza.)

Mwaka 1912 Evanson alifungua misheni Nyanchwa. Mioyo ya watu ilikuwa bado na jeraha. Mwaka 1908 Otenyo alikuwa amemchoma mkuki afisa Northcote, na serikali ikaja kulipiza kwa bunduki, ikachoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Sasa mtu mweupe akija na kitabu, mama wa Kigusii angemtofautishaje na yule wa bunduki? Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani wakapigana pale Kisii. Wamisionari walikuwa wameondoka, na misheni ya Nyanchwa ikaporwa, na ile ya Wakatoliki ya Nyabururu vilevile. Serikali ikatoza ng'ombe tena.

Lakini, ndugu, kikwazo kilichokaa muda mrefu kuliko vita kilikuwa lugha. Carscallen alijifunza Kijaluo, akaandika sarufi yake, na mtambo wa kuchapa vitabu ukawekwa Gendia. Kwa hiyo Neno lilipopanda milima ya Gusii lilipanda kwa Kijaluo. Miaka mingi Wakisii walisoma na kuimba kwa lugha ya jirani, ambayo haina undugu wowote na Ekegusii. Sidhani ilikuwa dharau. Watenda kazi walikuwa wachache, na kitabu kilichokwisha kuchapwa ni rahisi kuliko kile ambacho hakijaandikwa. Hata hivyo, mzee aliyeungama dhambi zake kwa maneno ya kuazima alibeba mzigo ambao sisi hatuujui. Agano Jipya la Ekegusii lilitoka mwaka 1948, na Biblia nzima mwaka 1988, miaka 76 baada ya Evanson. Ndani yake Mungu anaitwa Nyasae, jina lililo ndugu wa Nyasaye wa Kijaluo.

Leo njia imegeuka. Wana wa Gusii wako Marekani, wengi wao Minnesota, na wamepeleka kanisa lao huko. Hukusanyika, huomba kwa Ekegusii, huimba nyimbo za nyumbani, na mwenye huzuni hufarijika. Kwenye viti vya nyuma wamekaa watoto wao waliozaliwa huko. Wanajua Kiingereza. Wanasikia mahubiri yote, wala hawayaelewi, kama babu wa babu zao walivyoketi Nyanchwa mbele ya kitabu cha Kijaluo. Nao majirani zao Wamarekani, ambao wengi wameacha kwenda kanisani, hupita nje ya mlango, wakasikia wimbo mzuri, wakaenda zao.