Kupiga Picha za Ndege Pori Wakati wa Kuatamia: Mambo Ambayo Mwananchi na Mgeni Wanapaswa Kuyajua

Tanzania ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye utajiri mkubwa wa ndege, ikiwa na zaidi ya aina 1,000 zilizoorodheshwa. Utajiri huo huvutia wapiga picha wa ndani na wa nje, na katika miaka ya karibuni simu za mkononi, kamera za bei nafuu na ndege zisizo na rubani, maarufu kama droni, vimewawezesha watu wengi zaidi kuwafikia ndege kwa karibu. Shughuli hiyo ni halali na ina manufaa kwa utalii na kwa uhifadhi. Hata hivyo, kipo kipindi kimoja ambacho picha moja iliyopigwa bila uangalifu inaweza kuligharimu kundi zima la ndege uzao wake. Kipindi hicho ni msimu wa kujenga viota, kutaga, kuatamia na kulea makinda.

Makala haya yanaeleza sababu za kipindi hicho kuhitaji tahadhari, mfano wa Ziwa Natron mkoani Arusha, kanuni za kufuata uwandani, vibali vinavyohitajika na wajibu wa mwananchi anayeishi jirani na mazalia ya ndege.

Msimu wa kuatamia ni upi?

Hakuna tarehe moja inayohusu ndege wote. Ndege wengi wanaokula wadudu na mbegu hujenga viota wakati wa mvua za vuli na masika, kwa kuwa ndipo chakula cha makinda kinapopatikana kwa wingi. Kwera na ndugu zao wanaosuka viota vinavyoning'inia kwenye minazi, migunga na matete ni mfano ulio wazi kwa wakazi wa mijini na vijijini. Baadhi ya ndege wawindaji, kwa upande wao, huzaliana wakati wa kiangazi, majani yanapopungua na mawindo kuonekana kwa urahisi.

Kwa sababu hiyo, mpiga picha hapaswi kutegemea kalenda pekee. Dalili za kuangalia ni ndege anayebeba nyasi au vijiti, anayerudi mara kwa mara mahali pamoja akiwa na chakula mdomoni, au anayepiga kelele za tahadhari mtu anapokaribia. Ndege wengine wanaotaga mchangani huburuta bawa kana kwamba limevunjika, ili wamvute adui mbali na mayai. Mtu anayeona kitendo hicho hana budi kutambua kwamba amekwisha kukaribia mno, na hatua sahihi ni kurudi nyuma kwa njia ileile aliyojia.

Madhara ya usumbufu

Yai linahitaji joto lisilobadilika sana. Mzazi anapofukuzwa katika kiota, yai hupoa wakati wa usiku au asubuhi ya baridi, na katika maeneo ya joto kali jua linaweza kuua kiinitete kilichomo ndani ya muda mfupi. Aidha, kiota kisicho na mlinzi huwa wazi kwa kunguru, nyoka, kenge na nyani. Harufu ya binadamu, nyasi zilizokanyagwa na matawi yaliyokatwa ili picha ionekane vizuri huwa alama zinazowaongoza maadui hao hadi kwenye makinda.

Madhara huongezeka kwa ndege wanaozaliana kwa makundi. Wazazi wachache wakishtuka na kuruka, wengine huwafuata, na mayai au makinda hukanyagwa katika taharuki hiyo. Usumbufu ukirudiwa, kundi zima linaweza kuyatelekeza mazalia.

Mfano wa Ziwa Natron

Ziwa Natron lipo katika Bonde la Ufa, kaskazini mwa Tanzania, chini ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai na karibu na mpaka wa Kenya. Maji yake ni ya magadi, yana kina kifupi, na sehemu kubwa ya uso wake hufunikwa na tabaka la chumvi wakati wa ukame. Mwaka 2001 ziwa hilo liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Umuhimu huo unatokana zaidi na heroe wadogo, ndege ambao wengi huwaita flamingo. Heroe wa Afrika Mashariki huonekana katika maziwa mengi ya magadi, yakiwemo Manyara, Bogoria na Nakuru, lakini Ziwa Natron ndilo mazalia yao makuu na ya kudumu katika ukanda huu. Mahali pengine huenda kula. Natron huenda kuzaa. Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili (IUCN) limemweka heroe mdogo katika kundi la viumbe wanaokaribia kuwa hatarini, na utegemezi wake kwa mazalia machache mno ni sababu mojawapo.

Jozi ya heroe hujenga kiota cha tope chenye umbo la kichuguu kidogo, kilichoinuka juu ya tabaka la magadi. Yai hutagwa moja tu, na wazazi wote wawili huliatamia kwa zamu kwa takriban siku 28. Kinda huzaliwa na manyoya ya kijivu, na baada ya siku chache huungana na makinda wengine katika makundi makubwa yanayotembea pamoja kuelekea kwenye maji. Huchukua miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuweza kuruka. Heroe hawazaliani kila mwaka, kwani hutegemea kiwango cha maji: yakizidi, viota hufunikwa, yakipungua mno, wanyama walao nyama huweza kuvifikia kwa miguu. Hivyo yai lililopotea halifidiwi kwa urahisi.

Kwa karne nyingi ziwa lenyewe lilikuwa mlinzi wa ndege hao. Mwaka 1954 mtaalamu wa ndege Leslie Brown, aliyekuwa ameyaona mazalia hayo kutoka angani, alijaribu kuvifikia viota kwa miguu. Tope la magadi lilimwunguza miguu vibaya, akaponea chupuchupu na kulazwa hospitalini kwa wiki kadhaa. Tabaka lile lisilobeba uzito wa mtu wala fisi ndilo lililowapa heroe usalama wao.

Leo hali imebadilika. Droni haizuiwi na tope wala magadi. Kwa ndege aliye kiotani, kitu kinachoning'inia angani na kutoa mvumo hufanana na ndege mwindaji, na mwitikio wake ni kukimbia. Kinga iliyotolewa na maumbile dhidi ya miguu ya binadamu haipo dhidi ya mashine inayoruka, na nafasi hiyo sasa inapaswa kuzibwa na sheria pamoja na nidhamu ya mpiga picha.

Kanuni za uwandani

Wapiga picha wanashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

1. Kutumia lenzi ya kuvuta mbali na kubaki katika umbali ambao ndege anaendelea na shughuli zake bila kumtazama mtu. Ndege akisimama ghafla, akinyoosha shingo au akiacha kuatamia, umbali hautoshi.

2. Kupunguza muda. Dakika chache zinatosha kupata picha. Kukaa karibu na kiota kwa saa nzima humzuia mzazi kurudi na chakula.

3. Kutotumia mwanga wa kamera kwenye kiota, hususan kwa bundi na ndege wengine wa usiku.

4. Kutocheza sauti za ndege zilizorekodiwa ili kuwavuta. Mzazi hudhani ameingiliwa na mpinzani na huacha kiota kwenda kupambana naye.

5. Kutokata matawi, kutohamisha mayai na kutoshika makinda kwa sababu yoyote.

6. Kutorusha droni juu ya mazalia ya ndege.

7. Kutotangaza mahali halisi pa kiota. Picha nyingi za simu hubeba taarifa za eneo ilipopigwa. Inashauriwa kuzima huduma hiyo kabla ya kupiga na kusambaza picha za ndege adimu, kama vile korongo taji.

8. Kuongozana na mwongoza watalii wa eneo husika, ambaye anajua njia salama kwa watu na kwa ndege.

Vibali na sheria

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Sura ya 283, inawalinda wanyamapori, wakiwemo ndege, pamoja na mayai na makinda yao. Kuchukua mayai au makinda bila kibali ni kosa, hata pale mhusika anapodai kuwa alikusudia kupiga picha tu.

Mpiga picha anayeingia katika hifadhi ya taifa hutakiwa kufuata taratibu za Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Katika mapori ya akiba na mapori tengefu taratibu husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), na katika eneo la Ngorongoro na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro (NCAA). Urushaji wa droni unahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), na kibali hicho peke yake hakimruhusu mtu kurusha ndani ya hifadhi bila ridhaa ya mamlaka inayoisimamia. Upigaji wa filamu za kibiashara una taratibu zake kupitia Bodi ya Filamu. Waombaji wanashauriwa kuanza maombi mapema na kueleza wazi kwamba kazi inahusu ndege walio kwenye viota.

Wajibu wa mwananchi

Mazalia mengi ya ndege yako nje ya hifadhi: kwenye majaruba ya mpunga, kingo za mito, visiwa vidogo vya bahari na miti iliyopo viwanjani. Huko mlinzi wa kwanza ni mwananchi. Anayeona kiota anapaswa kukiacha kilipo, kuwazuia watoto wasikichezee, na kuwaelekeza wageni kutazama kwa mbali. Anayeshuhudia mayai yakichukuliwa au droni ikirushwa juu ya mazalia anapaswa kutoa taarifa kwa uongozi wa kijiji, ofisi ya maliasili ya wilaya au askari wa wanyamapori aliye karibu.

Kwa vijiji vilivyo jirani na Ziwa Natron, suala hili linagusa pia kipato. Waongoza watalii, wenye kambi na akina mama wanaouza shanga hutegemea wageni wanaofika kuwaona heroe. Ndege wakiyahama mazalia, wageni nao watayahama. Picha nzuri, kwa hiyo, ni ile ambayo baada ya kupigwa humwacha mzazi bado ameliatamia yai lake.