Sara Allgood na kimo cha mama

Wanaosimulia maisha ya Sara Allgood hupenda kuitupia Hollywood lawama yote: mwigizaji bora wa Dublin akahamia Marekani mwaka 1940, na huko akavalishwa aproni ya mama na ya mtumishi mpaka kufa. Lakini aproni ile aliivaa miaka mingi kabla ya kufika California, na aliyemfunga mikanda yake kwanza ni ukumbi wa Abbey, uleule unaosifiwa kwa kukuza kipaji chake. Alichopoteza Marekani ni kitu kingine kabisa: waandishi waliomsimamisha mama katikati ya hadithi.

Abbey ulipofunguliwa tarehe 27 Desemba 1904, Sara alikuwa jukwaani katika komedi ya Lady Gregory. Alikuwa binti aliyewahi kufunzwa kazi ya kushonea viti, kisha Frank Fay akamfundisha kutamka maneno hadi yamfikie mtazamaji wa safu ya mwisho. Alikuwa na sauti nene yenye kina, na nadhani sauti hiyo ndiyo iliyomzeesha kabla ya wakati. Mdogo wake Molly, aliyejulikana jukwaani kama Maire O'Neill, alipewa wasichana, naye Sara akapewa watu wazima. Mwaka 1907, katika The Playboy of the Western World, tamthilia ya J. M. Synge iliyozusha ghasia ukumbini, Molly alikuwa Pegeen, kipenzi cha hadithi. Sara, ambaye hata miaka 30 hajatimiza, alikuwa mjane Quin. Mwaka 1910 Molly akawa Deirdre, mrembo anayegombewa na mfalme, na dada yake akawa mlezi mzee wa mrembo huyo. Haya yote yalitendeka Dublin.

Mtu anaweza kunipinga kwa Peg o' My Heart, mchezo aliosafiri nao Australia na New Zealand kuanzia mwaka 1916, akiigiza msichana mchangamfu na kupendwa mno. Ni kweli, aliuweza ujana. Katika safari hiyohiyo aliolewa na mwigizaji mwenzake, Gerald Henson, akazaa binti aliyefariki angali mchanga, na mwaka 1918 homa ya mafua ikamchukua mume. Wako wanaosema msiba huo ndio uliomfunza kuigiza Juno, mama wa tamthilia iliyokuja baadaye. Sikubaliani nao, kwa sababu kusema hivyo ni kumnyang'anya ufundi alioutolea jasho.

Juno and the Paycock ya Sean O'Casey ilionyeshwa Abbey Machi 1924. Juno, aliyeigizwa na Sara, ni mama maskini katika chumba cha kupanga, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mume ni mlevi, binti ana mimba na ameachwa, urithi waliotarajia umeyeyuka. Mwanawe anapouawa, Juno anasali sala ileile aliyoisikia kwa jirani aliyefiwa na mwana, sala ambayo wakati ule hakuitia maanani. Kisha anatoka na binti yake, na mume anarudi chakari katika chumba ambacho samani zake zimeshabebwa. Huyu ni mama, tena wa aproni, lakini yeye ndiye anayeamua nani abaki na nani aondoke. Alfred Hitchcock alipoigeuza filamu mwaka 1930, nafasi hiyo alimwachia Sara.

Itasemwa kwamba alifika Hollywood umri umeshakwenda. Basi tumtazame Barry Fitzgerald, aliyekuwa mumewe katika Juno hiyo ya 1924. Naye alivuma Marekani akiwa na zaidi ya miaka 50, akapata Oscar kwa kuigiza padri mzee katika Going My Way ya 1944, na mwaka 1948 akawa mhusika mkuu wa The Naked City, mpelelezi. Mzee wa kiume aliandikiwa hadithi yake mwenyewe. Mzee wa kike aliandikiwa jiko.

How Green Was My Valley ya mwaka 1941 ndiyo inayonishawishi zaidi. Sara ni Beth Morgan, mke wa mchimba makaa wa Wales. Usiku, katika theluji, anapanda mlimani na mwanawe mdogo, anasimama mbele ya wachimbaji waliogoma na kuwaahidi kwamba atakayemdhuru mumewe atamuua kwa mikono yake. Kwa dakika hizo chache mwongozaji wa filamu hiyo, John Ford, alimrudishia kimo cha Juno, naye akateuliwa kuwania Oscar. Baadaye zikafuata nafasi za nesi, mjakazi, mwenye nyumba. Katika Cheaper by the Dozen, mwaka 1950, kuna mama wa watoto 12, lakini mama huyo ni Myrna Loy. Sara ni Bi Monahan, mtumishi wa nyumba hiyo. Alifariki California tarehe 13 Septemba mwaka huohuo.