Mkunga Atatoka Nyumba ya Nani?



Ukitoka Same kwa barabara ya Kisiwani, ukapita Maore, Ndungu na Kihurio, utafika Bendera, katika tambarare iliyo chini ya milima ya Upare. Tuseme katika nyumba moja ya hapo yuko binti aliyemaliza kidato cha nne. Jioni moja anakaa mbele ya baba yake, anainamisha kichwa, anasema: "Baba, nataka kusomea uuguzi, na Mungu akijaalia niwe mkunga."

Baba ananyamaza. Shangazi anadakia kwamba kazi hiyo si ya mtoto wa Kiislamu: kukesha nje ya nyumba, kushika damu, kuchanganyika na wanaume. Jirani naye anaongeza kwamba atakosa mchumba. Maneno yanaishia hapo, na binti anarudi jikoni.

Lakini baba huyo huyo, mkewe aliposhikwa na uchungu na kupelekwa zahanati, neno lake la kwanza mlangoni lilikuwa: "Yuko nesi mwanamke?" Hakutaka mwanamume amwone mkewe katika hali ile, na haya yake ni haya njema. Basi nakuuliza, ndugu msomaji: ikiwa kila baba anataka mkunga mwanamke kwa mkewe, na kila baba anamzuia binti yake asiwe mkunga, huyo mkunga atatoka nyumba ya nani?

Tuitazame historia yetu, maana wengi wanaosema kazi hii ni ya kigeni hawajaisoma. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipopata mtoto wake Ibrahim, katika mwaka wa 8 Hijria, aliyemzalisha mama yake, Bibi Mariya, alikuwa mkunga aitwaye Salma, mke wa Abu Rafi'. Salma ndiye aliyekuwa mkunga wa watoto wa Bibi Fatima pia. Mkunga, basi, aliingia nyumba ya Mtume mwenyewe, na jina lake likahifadhiwa na wanahistoria pamoja na majina ya masahaba.

Yuko na Rufaida wa kabila la Aslam. Katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 Hijria (627), Saad bin Muadh alipopigwa mshale wa mkono, Mtume aliamuru awekwe katika hema la Rufaida, lililokuwa pale msikitini, ili awe karibu naye apate kumzuru. Yuko pia Ummu Atiyya, aliyefuatana na jeshi katika vita saba, akipika chakula na kuwatibu majeruhi. Wanawake hawa hawakuhesabiwa kuwa wamevunja heshima yao.

Heshima hiyo ilififia baadaye. Mwaka 1832 serikali ya Muhammad Ali wa Misri ilifungua shule ya wakunga chini ya daktari Mfaransa aitwaye Clot Bey. Wazee wa mji wa Cairo walikataa kutoa binti zao. Shule ikabidi ianze na wasichana watumwa, Wasudani na Wahabeshi, walionunuliwa sokoni. Fikiri, ndugu msomaji! Mji uliojaa misikiti na wanazuoni, na wasichana waliofundishwa kuokoa wake wa waungwana wakawa watoto wa watu wengine, walionyang'anywa kwao. Hata hivyo wasichana hao walijifunza vizuri, wakazalisha, wakachanja watoto dhidi ya ndui, na serikali ikawapa cheo na mshahara. Aibu haikuwa yao.

Na kwetu je? Bibi zetu wa Upare walizalishwa nyumbani na wakunga wa jadi, wanawake wenye subira ambao mara nyingi hawakuomba malipo. Tusiwadharau. Lakini mzazi alipotokwa na damu nyingi, au alipopatwa na kifafa cha mimba, mkunga wa jadi hakuwa na dawa, na njia ya hospitali ilikuwa machela mabegani mwa vijana. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 nchi yetu iliamua kupeleka huduma vijijini, na katika miaka ya 1970 wasichana waliomaliza shule ya msingi walianza kufundishwa kazi ya afya ya mama na mtoto, ili zahanati ya kijiji iwe na mtu wa kuwatazama waja wazito. Safari hiyo imezaa matunda. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Ni neema kubwa. Lakini kila mmoja katika hao 104 ana mama yake, na pengine ameacha kitanda chenye kichanga.

Nawe binti unayeanza, usidhani sifa hii inapatikana kwa kuvaa sare nyeupe. Miezi ya mwanzo utatandika vitanda, utamwaga mabeseni, utapima joto na mapigo ya moyo mpaka uchoke. Usione unyonge. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis alikuta kwamba wanawake waliozalishwa na madaktari na wanafunzi wao walikufa kwa homa ya uzazi kuliko waliozalishwa na wakunga. Madaktari wale walitoka kupasua maiti wakaingia wodini. Alipowalazimisha kunawa kwa maji yenye klorini, vifo vilipungua upesi. Jambo dogo la kunawa mikono likawa uhai wa watu. Wewe uliyelelewa katika udhu usiku na mchana, usafi usikushinde. Ila kumbuka kwamba wodini udhu hautoshi, sabuni na glavu ni wajibu.

La pili ni amana. Utaona miili ya watu na utasikia siri za nyumba zao. Zifunge kifuani. La tatu ni ulimi. Mwanamke mwenye uchungu hapigiwi kelele. Bibi Maryam, katika uchungu wake chini ya mtende, aliliwazwa kwa maneno mema kabla ya kupewa tende na maji. Nesi mkali humfanya mzazi wa pili abaki nyumbani, na pengine afie huko.

Nanyi wazee, wanazuoni wetu wanafundisha kwamba yapo mambo ya faradhi kifaya: wakiyafanya baadhi, wengine husalimika, yakiachwa na wote, wote hupata dhambi. Utabibu umo humo. Leo chuo cha uuguzi na ukunga hutaka binti awe amefaulu kidato cha nne, pamoja na Kemia na Biolojia. Basi msimwondoe katika masomo ya sayansi, msimwoze kabla ya wakati, na ada yake muitafute kama mnavyotafuta gharama za harusi.

Baba wa Bendera, mwite tena binti yako kutoka jikoni. Mwambie aseme upya.