Ngozi ya Kenge na Kisanduku cha Namba: Mlio wa Gitaa Kampala

Ukiisogelea ennanga, kinubi cha Waganda, utaona chini ya kila kigingi pete ndogo iliyosukwa kwa nyuzi za mgomba na kuvikwa ngozi ya kenge. Pete hiyo haikazi uzi wala haipandishi sauti. Imewekwa pale ili uzi ukitetemeka uiguse na kutoa mkwaruzo, na mpigaji huisogeza kwa kidole mpaka mkwaruzo umridhishe. Endongo, ala ya nyuzi nane yenye mwili wa bakuli la mti, imekwenda mbali zaidi. Kifua chake chote kimewambwa ngozi ya kenge, na nyuzi zimelazwa karibu nayo kiasi kwamba kila noti hutoka na mvumo kama wa nyuki ndani ya mzinga.

Naanza na kenge kwa makusudi. Wapiga gitaa wa Kampala wamekuwa wakibishana miaka mingi kuhusu pedali za kidijitali, vile visanduku vya kukanyaga kwa mguu vinavyobadili mlio wa gitaa kabla haujafika kwenye amplifaya. Wengine wanasema zimeua utamu wa waya. Wengine wanasema bila pedali huwezi kupata kazi. Ubishi huo huendeshwa kana kwamba kuubadili mlio wa uzi ni jambo lililoshushwa bandarini Mombasa likapandishwa treni. Katika ardhi ya Buganda, uzi mtupu usio na kitu cha kuukwaruza haukuwahi kuhesabiwa kuwa umekamilika.

Klaus Wachsmann, aliyesimamia Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, alizirekodi ala hizi wakati wapigaji wa ikulu ya Mengo walikuwa bado kazini, akiwemo Temusewo Mukasa, mpiga ennanga wa Kabaka, mfalme wa Buganda. Miaka hiyohiyo gitaa lilikuwa limeshaingia mitaani. Wenyeji hawakulitafutia jina la mbali. Walichukua neno endongo, wakalipa kiambishi cha udogo, likawa kadongo, na mtu mmoja aliyeketi na gitaa lake moja akisimulia visa vya kijiji akaitwa mwimbaji wa kadongo kamu, yaani kigitaa kimoja. Jina hilo linaniambia mengi kuliko maelezo marefu: gitaa lilipokewa kama mdogo wake endongo.

Wakongwe wa kadongo kamu, kuanzia Christopher Ssebadduka hadi Paulo Kafeero aliyefariki mwaka 2007, walilishika gitaa kwa namna inayoufuata ukoo huo. Kidole gumba kinapiga besi kavu, vidole vingine vinajibu, na hadithi inatawala vyote. Bernard Kabanda, aliyefariki mwaka 1999 akiwa ndiyo kwanza ameanza kusikika Ulaya, aliligeuza gitaa kuwa ngoma pia, akigonga ubao wake katikati ya mistari. Hakukuwa na pedali hapo, lakini hakuna anayeweza kuniambia kwamba mlio ule ulikuwa safi kwa maana ya kiwandani. Ulikuwa umejaa mbao, kucha na waya uliochakaa.

Gitaa la umeme lilikuja na njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kampala ilikuwa na kumbi zake, lakini mwanamuziki aliyetaka sahani ya santuri mara nyingi alielekea Nairobi. Huko ndiko Charles Sonko wa Uganda alikojiunga na Equator Sound Band pamoja na Fadhili William na wenzao, chini ya lebo ya Charles Worrod. Magitaa ya enzi ile yana mng'ao wa maji, na mwangwi mfupi unaofuata noti. Mwangwi wa wakati huo ulitengenezwa kwa vitu vinavyoshikika: springi ya chuma ndani ya amplifaya, au mkanda wa sumaku unaozunguka ndani ya mashine kama Copicat, iliyoanza kuuzwa London mwaka 1958. Mkanda ukichakaa, mwangwi nao ulichakaa, na kila bendi ilikuwa na uchakavu wake.

Wakati huohuo Marekani ilikuwa inagundua kenge wake. Katika wimbo mmoja wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961, njia moja ya mashine ya kuchanganyia sauti huko Nashville iliharibika, na gitaa la besi likatoka likinguruma kama trekta. Wakauacha mlio ule ndani ya wimbo. Fundi Glenn Snoddy akaubuni upya ndani ya kisanduku, na mwaka 1962 Maestro Fuzz-Tone ikaingia madukani. Miaka mitatu baadaye Keith Richards wa Rolling Stones aliupeleka mkwaruzo huo dunia nzima. Walichokipata kwa ajali, fundi wa endongo alikuwa anakitengeneza kwa kusudi.

Kampala ya miaka ya 1970 ilikuwa na masikio yaliyoelekea Kinshasa. Afrigo Band, iliyoundwa mwaka 1975 na wanamuziki waliotoka bendi ya The Cranes, akiwemo mpiga saksafoni Moses Matovu, ilikua katika mji uliojaa Wakongo. Mwimbaji Mkongo Samba Mapangala na bendi yake Les Kinois walipiga Kampala kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1977. Wapigaji wa Kongo walikuwa na hila ambayo naipenda kuliko pedali yoyote. Waliitoa waya ya nne ya gitaa, wakaweka nyembamba iliyokazwa oktavu moja juu, na kuiita mi-composé. Kwa waya moja tu gitaa la kati linaanza kulia kama magitaa mawili, likipita katikati ya solo na ridhimu bila kumkanyaga yeyote. Ni efekti isiyohitaji umeme.

Na umeme, pamoja na kila kitu cha dukani, ulikuwa shida. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972 kwa notisi ya siku 90, mtandao wa maduka yaliyoagiza bidhaa kutoka nje ulikatika. Waya za gitaa na valvu za amplifaya vikawa vitu vya kutafutwa kwa kubahatisha, na fundi wa redio akawa mtu muhimu katika bendi kama mwimbaji. Wanamuziki nao wakaondoka. Geoffrey Oryema alivuka mpaka mwaka 1977 akiwa amefichwa ndani ya buti la gari, baada ya baba yake, aliyekuwa waziri, kuuawa. Philly Lutaaya alihamia Sweden katika miaka ya 1980. Mwaka 1990 Oryema alitoa albamu Exile chini ya utayarishaji wa Brian Eno, mtu aliyejenga jina lake kwa kuzitanua sauti ndani ya mashine. Humo nanga na lukeme, ala za Waacholi, zinaelea katika mwangwi mpana, na hazipotezi punje ya uasili wake. Nikisikia mtu akisema teknolojia na mlio wa asili havikai chumba kimoja, albamu hiyo ndiyo jibu langu.

Pedali za kidijitali zilianza kuwa ndogo na za kubebeka mwaka 1983, Boss ya Japani ilipotoa DD-2. Inafaa kueleza kinachotokea ndani yake, maana ubishi mwingi umesimama juu ya kutokujua. Mlio wa gitaa ni mawimbi ya umeme. Pedali hupima kimo cha mawimbi hayo mara maelfu kwa sekunde, na kila kipimo hukiandika kama namba. Katika DD-2, namba hizo zilikuwa za biti 12, yaani ngazi 4,096 kutoka chini hadi juu. Namba huhifadhiwa kwa muda usiozidi milisekunde 800, kisha hugeuzwa tena kuwa sauti, na hiyo ndiyo inayosikika kama mwangwi. Noti yenyewe uliyoipiga hupita upande, bila kugeuzwa. Ni mwangwi wake tu ulio wa namba.

Hali ilibadilika miaka ya 1990 zilipokuja pedali za efekti nyingi katika kisanduku kimoja, kama Zoom 505, ambayo bei yake mwanamuziki wa kawaida aliweza kuifikiria. Hapa noti yote inaingia kwenye namba na kutoka humo. Korasi, mwangwi, mkwaruzo, hata amplifaya ya kuigiza, vyote vimepangwa kiwandani na kupewa nambari. Unakanyaga, unapata mlio ambao mtu wa Manila na mtu wa Lima wanaupata siku hiyohiyo. Redio za FM zilikuwa zimeanza Kampala mwaka 1993, studio za kompyuta zikafuata, na kinanda cha elektroniki kikabeba kazi ambazo zamani zilihitaji watu wanane. Gitaa likabaki na nafasi nyembamba katika wimbo, nalo lilitakiwa lisikike limeng'arishwa.

Mzee aliyepiga solo katika miaka ya dansi atakwambia mlio uko vidoleni, na kwamba aliyezoea korasi hajui tena kubonyeza uzi kwa uzito. Ana hoja. Korasi huongeza nakala ya noti iliyotetereshwa kidogo, hivyo kosa dogo la kubonyeza linajificha ndani yake. Kijana anayepiga kanisani Jumapili ana hoja pia. Nyimbo za kuabudu za leo zimejengwa juu ya mwangwi unaorudi kwa mapigo yaliyopimwa, na bila pedali ya mwangwi ya kidijitali sehemu yake ya gitaa haipo kabisa. Makanisa makubwa ya Kampala yamekuwa shule ya wapiga gitaa zaidi ya kumbi za dansi, na mlio wa kizazi hiki umefinyangwa huko.

Kuna hoja ya tatu, ya pochi na soketi. Mwaka 2005 na 2006, maji ya Ziwa Victoria yalipopungua, mgao wa umeme uliinyima mitaa ya Kampala mwanga siku baada ya siku. Anayepiga leo hapa na kesho pale, kwa boda boda, hawezi kubeba amplifaya ya valvu, na akiifikisha, jenereta ya ukumbini inaweza kuiunguza. Pedali ya kidijitali inaingia mkobani, inachomekwa moja kwa moja kwenye mikseri, na baadhi yake hula betri. Wanaoidharau wasisahau kwamba kwa wengi imekuwa njia ya kula.

Maoni yangu ni haya. Mkwaruzo si mgeni, mwangwi si mgeni, na namba zenyewe hazina dhambi. Kinachoniuma ni kutoweka kwa kile kitendo cha mpiga ennanga kusogeza pete kwa kidole. Yeye aliutafuta mlio wake kwa sikio, uzi kwa uzi, na mwenzake wa kijiji cha pili aliupata wa kwake. Anayekanyaga nambari ya kiwandani bila kugeuza hata kitufe kimoja ameacha kazi hiyo ifanywe na mhandisi asiyemjua. Lakini vitufe vipo. Nimewasikia vijana katika kumbi ndogo za mji huu wakikata korasi, wakiacha mkwaruzo kidogo sana katika nyuzi za besi tu, gumba likipiga ule mwendo wa kadongo kamu, na mvumo wa nyuki ukarudi ukumbini kutoka kwenye kisanduku cha plastiki. Walikuwa wameinama, mkono mmoja sakafuni, wakigeuza kitufe kidogo kidogo, wakisikiliza.

Jumba la Makumbusho kwenye kilima cha Kitante limehifadhi ala za nyuzi za nchi hii. Ningependa kuona kando yake zile pedali zilizopauka zilizopigiwa katika kumbi za Nakulabye na Mengo, zikiwa na vitufe vyake vimeachwa pale mpigaji alipoviacha.