Bunduki ya Msafiri wa Msituni: Uchaguzi wa Silaha katika Njia za Manyema, 1867–1890

1. Utangulizi

Misafara ya Manyema katika karne ya 19 huelezwa zaidi kwa kuhesabu pembe za ndovu na watumwa. Bunduki hutajwa kwa jumla, kana kwamba zote zilikuwa sawa. Waungwana waliozibeba hawakuziona hivyo. Kiswahili chao kilitenga bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Na bunduki ya fataki. Zote tatu zilikuwa magobori, yaani zilishindiliwa kwa mdeki kupitia mdomo wa mtutu. Msamiati huu ni ushahidi kwamba watu walilinganisha na kuchagua. Makala haya yanachunguza uchaguzi huo uliongozwa na nini.

2. Mtihani wa msitu

Msitu una masharti yake. La kwanza ni unyevu. Katika gumegume, baruti ya kuwashia hukaa nje ya mtutu, na matone machache ya mvua huiharibu. Fataki, ambayo ni kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka, huvumilia maji zaidi. La pili ni ufinyu wa upeo wa macho. Uwezo wa bunduki kufika mbali hauna faida mahali ambapo adui haonekani hata kwa hatua 30. La tatu ni muda. Mtu anaposhindilia gobori mara moja, mpiga upinde huweza kuachia mishale kadhaa.

Tippu Tip mwenyewe aliyajua hayo. Katika vita vyake na Nsama mwaka 1867 alijeruhiwa kwa mishale, ingawa alishinda. Miaka 20 baadaye, tarehe 13 Agosti 1887, Luteni Stairs wa msafara wa Stanley alipigwa mshale wa sumu kando ya mto Aruwimi, akiwa kati ya watu wenye bunduki za kisasa. Alipona, lakini wenzake kadhaa walikufa kwa majeraha ya namna hiyo.

3. Bastola na bunduki ya risasi nyingi

Tawasifu ya Tippu Tip, iliyochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20 na kufasiriwa kwa Kifaransa na François Bontinck mwaka 1974, ina kisa kinachohusu jambo hili moja kwa moja. Mwezi Oktoba 1876, Stanley alimwonyesha bunduki ambayo, kwa maneno yake, ilitoa risasi 15 katika mtutu mmoja. Tippu Tip hakusadiki. Akamjibu kwa dhihaka kwamba kwenye mto Rumami uko upinde unaorusha mishale 20 kwa pamoja, na kila mshale huua mtu. Stanley akatoka nje, akapiga mara 12, kisha akashika bastola akapiga mara sita. Wenyeji wake wakastaajabu.

Hata hivyo, mshangao huo haukuwa sababu ya kutosha ya kubadili silaha. Bunduki ya namna hiyo ilihitaji risasi zilizotengenezwa kiwandani, na kiwanda kilikuwa ng'ambo. Gobori lilikula baruti ya kawaida na kipande chochote cha chuma au shaba, na mhunzi aliweza kulitengeneza. Bastola ilikuwa nyepesi, tena ilifaa kwa shambulio la karibu au hemani usiku, lakini haikumpatia mpagazi nyama ya porini. Ikabaki silaha ya kiongozi.

4. Baruti na mkataba

Utegemezi huo ulidhihirika mwaka 1887. Katika mapatano ya Zanzibar, Tippu Tip aliahidi wapagazi 600, na Stanley aliahidi kuwapa baruti na fataki kwa ajili ya bunduki zao. Baruti haikufika kama ilivyotarajiwa, wapagazi walichelewa kwa muda mrefu, na kila upande ukamlaumu mwenzake. Wakati huohuo, ndani ya msitu wa Ituri, watu wa Stanley waliokuwa wakifa njaa waliuza bunduki zao za Remington kwa mahindi. Silaha ya kisasa ilikuwa na thamani ndogo kuliko suke la mahindi.

5. Upande wa pili wa mtutu

Isidhaniwe, kwa hayo, kwamba gobori lilikuwa silaha dhaifu. Udhaifu wake ulionekana mbele ya wapiga upinde waliojiandaa. Mbele ya wasio na silaha lilitosha kabisa. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, Livingstone alishuhudia watu wenye bunduki wakiwapiga wachuuzi, wengi wao wanawake. Wengine walizama katika Lualaba wakikimbia. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Kilichoitwa na msafiri ulinzi wa njiani, mwanakijiji alikijua kuwa ndicho kilichomnyang'anya jamaa zake.

6. Hitimisho

Mkataba wa Bruxelles wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha nafasi kwa gumegume na baruti ya kawaida. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Lakini majeshi ya kikoloni hayakufungwa na katazo hilo. Tangu hapo, swali la silaha gani ifaayo msituni halikuamuliwa tena na mvua, upinde au mfuko wa msafiri, bali na serikali. Katika vita vya 1892–1894 Dola Huru ya Kongo ilivunja nguvu za Waarabu na Waungwana wa Manyema. Maneno gumegume na gobori yamebaki katika Kiswahili, na anayeyachunguza huona ndani yake kwamba nguvu ya bunduki ilikuwa mkononi mwa aliyemiliki njia ya baruti, kuliko mwa aliyeshika kitako.