Namba ya Uvimbe Usioua

Katika hospitali za Masasi na Newala, mgonjwa wa nje huandikwa kwenye kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya: tarehe, jina, umri, kijiji anakotoka, ugonjwa, dawa aliyopewa. Tuseme binti wa miaka 20 kutoka Makote amefika na kivimbe kwenye titi la kushoto. Kina ukubwa wa korosho iliyobanguliwa, hakiumi, na kidole kikikisukuma kinateleza kando kana kwamba hakijashikana na nyama iliyokizunguka. Afisa tabibu mwenye uzoefu atakisia kuwa ni fibroadenoma, uvimbe unaowapata sana wasichana na ambao si saratani. Mwisho wa mwezi hesabu hujumlishwa. Malaria ina mstari wake, nimonia ina wake, kuhara kuna wake. Kivimbe cha binti huyu huangukia kwenye mstari wa magonjwa mengineyo, pamoja na kila kilichokosa mahali pa kwenda. Wengi huuona mstari huo kuwa jambo la makaratasi tu. Mimi nauona kuwa urithi. Umetokana na orodha iliyotungwa ili kuhesabu waliokufa, na hadi leo mwanamke aliye hai anahesabiwa kwa kipimo hicho.

Orodha yenyewe ilizaliwa mbali na kusini mwa Tanzania. Katika karne ya 19 mtakwimu William Farr wa Uingereza alishikilia kwamba vifo vya mji mmoja haviwezi kulinganishwa na vya mji mwingine iwapo kila daktari anautaja ugonjwa uleule kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1893, katika mkutano wa Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu uliofanyika Chicago, Jacques Bertillon, mkuu wa takwimu wa jiji la Paris, aliwasilisha orodha moja ya sababu za vifo. Nchi nyingi ziliikubali, na tangu mkutano wa Paris wa 1900 ikawa inapitiwa upya kila baada ya miaka 10 hivi. Toleo la 1909 linastahili kutazamwa kwa karibu. Humo titi lilipewa namba tatu. Namba 43 ilikuwa ya saratani ya titi. Namba 141 ilikuwa ya magonjwa ya titi yanayompata mama aliyejifungua. Namba 133 ilikuwa ya magonjwa ya titi yasiyotokana na uzazi, saratani ikiondolewa. Yaani kundi zima lilitambulishwa kwa mambo mawili ambayo halikuwa nayo. Huo haukuwa ujinga wa madaktari. Miaka 80 kabla ya hapo, mwaka 1829, daktari wa upasuaji Astley Cooper wa London alikuwa amechapisha kitabu kizima chenye michoro ya magonjwa ya titi, na ndani yake alivitenga vifuko vya maji na vivimbe vinavyoteleza na kuviweka mbali na saratani. Maarifa yalikuwepo. Ila orodha ilikuwa ya vifo, na uvimbe usioua haukuwa na sababu ya kuonekana humo. Ni mwaka 1948, Shirika la Afya Duniani lilipotoa toleo la sita, ndipo orodha ilipopanuliwa rasmi kupokea pia magonjwa ambayo mtu anaishi nayo.

Huku kwetu tiba ya hospitali ilikuja kwa njia ya misheni. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa kifupi UMCA, ilifika Masasi mwaka 1876 chini ya Askofu Edward Steere. Wabenediktini wakajenga Ndanda kuanzia 1906, chini ya ukingo wa uwanda wa Wamakonde. Mwaka 1935 daktari Leader Stirling alifika kuitumikia UMCA, na miaka yake ya upasuaji pale Lulindi, kusini mwa Masasi, aliisimulia kwenye kitabu chake kilichotoka 1947. Daktari aliyefanya kazi mbali na maabara ya patholojia alitegemea macho na vidole vyake: alipasua, akatazama alichokitoa, akaamua. Stirling huyohuyo alikuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania kati ya 1975 na 1980, wakati ambapo dunia, kwenye mkutano wa Alma-Ata wa 1978, ilikubaliana juu ya afya ya msingi. Sera hiyo ililenga surua, malaria, kuharisha na vifo vya uzazi, na ilikuwa haki kufanya hivyo, maana watoto walikuwa wanakufa. MTUHA ilipoanzishwa miaka ya 1990, orodha zake fupi zilifuata vipaumbele hivyo. Sielekezi lawama kwa walioziandika. Ninachosema ni kwamba kipaumbele kikishachapishwa kwenye fomu huendelea kuishi hata hali inapobadilika, na safari hii kilikuwa kimekutana na mazoea ya zamani zaidi, yale ya Bertillon.

Toleo la kumi la orodha ya kimataifa lilipitishwa mwaka 1990 na kuanza kutumika katika nchi wanachama kuanzia 1994. Ndani yake binti yetu wa Makote ana mahali pake, ingawa pamepangwa kwa namna ya kushangaza. Fibroadenoma ni D24, katika sura ya vivimbe. Kifuko cha maji kilicho peke yake ni N60.0, katika sura moja na figo na kibofu cha mkojo. Jipu la titi ni N61, lakini likimpata mama anayenyonyesha linahamia sura ya uzazi na kuwa O91. Maumivu ya titi bila uvimbe ni N64.4. Saratani ni C50. Jina la kundi la N60 lenyewe limebishaniwa sana, kwa sababu linatumia neno displasia, ambalo kwa wataalamu wa patholojia huashiria seli zilizo njiani kuelekea saratani. Hata kabla ya toleo hilo, mwaka 1982, madaktari wa Boston wakiongozwa na Susan Love waliuliza hadharani kama huo ulioitwa ugonjwa wa titi lenye vinundu na vifuko ni ugonjwa kweli. Mwaka 1985 William Dupont na David Page wa Nashville wakatoa hesabu: waliwafuatilia wanawake zaidi ya 3,300 waliokatwa kinyama cha titi na kuonekana hawana saratani, na asilimia 70 hivi hawakuwa na hatari iliyoongezeka. Hatari kubwa, takriban mara tano, ilikuwa kwa wachache ambao seli zao zilionyesha mabadiliko maalumu. Mwaka 1987 madaktari wa Cardiff wakapendekeza kwamba mengi ya mambo haya yahesabiwe kuwa hatua za kawaida za titi linalokua na kuzeeka, zilizopotoka kidogo. Miaka hiyo mitano inaonyesha hasara ya kutia yote kwenye kapu moja. Wanawake wengi wasio na tatizo walitishwa, na wachache waliohitaji kuangaliwa kwa karibu walipotea katikati yao.

Atatokea wa kuuliza, na ana haki ya kuuliza: wilaya yenye upungufu wa wauguzi na matabibu ipoteze muda kuandika namba za vivimbe visivyoua? Jibu langu linaanzia kwenye saratani yenyewe. Katika Tanzania saratani ya titi ni ya pili kwa wanawake baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wengi wa wagonjwa wake hufika hospitali ikiwa hatua ya tatu au ya nne. Kutoka Newala hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 500. Mwanamke hafungi safari hiyo kwa kuhisi tu. Anaifunga akiwa na karatasi ya rufaa mkononi, na karatasi hiyo inaanzia kwa mtu aliyeona uvimbe akauandika. Aliyeambiwa mwaka jana kwamba hana kitu, bila kuandikiwa titi gani, upande gani wala ukubwa gani, akirudi mwaka huu hakuna anayeweza kusema kama uvimbe ni uleule, umekua, au ni mwingine. Kumwandika asiye na saratani ni sehemu ya kazi ya kumpata aliye nayo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Pasipo kinyama kupelekwa maabara, kuandika D24 ni kubahatisha, na namba ya kubahatisha ni mbaya kuliko kutokuwa na namba. Nakubali nusu ya kwanza. Lakini waliotunga toleo la kumi waliliona jambo hili na wakaweka N63: uvimbe wa titi ambao haujabainishwa. Hiyo ndiyo namba ya kweli kwa tabibu wa zahanati mwenye vidole vyake tu. Haimwambii mwanamke kwamba ana saratani, na haimwambii kwamba hana. Ipo hatari kwamba N63 nayo igeuke mstari mpya wa magonjwa mengineyo, mahali pa kuachia kazi. Ipo pia hatari ya malipo. Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya 1999, uanze kulipia huduma mwaka 2001, namba ya ugonjwa kwenye fomu ya madai imekuwa na uzito wa fedha, na popote duniani penye fedha namba huvutwa upande wa fedha. Hatari zote mbili zinazuilika kwa jambo moja, nalo ni kuitazama N63 kama namba ya muda. Kila inapoandikwa iandikwe na tarehe ya kurudi, na daftari la wilaya lionyeshe ngapi zimefungwa na ngapi bado ziko wazi.

Wapo wanaohofia kwamba namba itamgeuza msichana mzima kuwa mgonjwa, na mjadala wa Boston na Cardiff unawapa nguvu. Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu neno baya likitoka chumba cha daktari hukaa na mtu miaka. Lakini binti aliyegusa kivimbe usiku akiwa peke yake tayari anaogopa kabla ya kufika hospitali. Kinachomtuliza ni jina: kwamba kitu hiki kinajulikana, wenzake wengi wa umri wake wanacho, hakigeuki saratani isipokuwa kwa nadra sana, na arudi baada ya miezi mitatu kipimwe tena. Toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika rasmi 2022, limetengenezwa kwa ajili ya kompyuta tangu mwanzo, na litachukua miaka kufika kwenye kila zahanati ya uwandani. Kazi hii haihitaji kulisubiri. Inahitaji mstari mmoja zaidi kwenye karatasi ya kujumlishia, na tabibu anayeandika: titi la kushoto, juu upande wa kwapa, sentimita mbili, kinateleza, N63. Siku jibu la maabara linaporudi kutoka Ndanda au Mtwara, namba hiyo hukatwa kwa mstari mmoja wa kalamu, ikabaki inasomeka, na kando yake ikaandikwa D24 au C50, pamoja na tarehe.