Kubanana Garini Dar es Salaam

Uchukuzi wa abiria mjini Dar es Salaam ulikuwa, tangu mwaka 1974, amana ya shirika moja la umma, nalo ni UDA. Na maadamu wakazi walizidi mwaka hata mwaka, ilhali fedha za kigeni za kununulia vipuri ziliadimika, hasa baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, mabasi ya shirika hilo, pamoja na Ikarus ndefu zilizotoka Hungaria, yakaanza kulala gereji moja baada ya jingine, hata raia wakawa wanasimama vituoni tangu alfajiri wakilingoja basi ambalo, likija, limekwisha kujaa hadi mlangoni.

Hapo ndipo zilipozuka taksi bubu, zikipakia watu kwa siri na kwa hofu ya askari, mpaka serikali, ilipoona dhahiri kuwa haja ya watu imeishinda sheria, ikatoa idhini mwaka 1983 kwa magari ya watu binafsi. Na kwa kuwa nauli ilikuwa shilingi tano, yaani dala, yakaitwa daladala. Idhini ilipatikana, nafasi haikupatikana. Katika pikapu zilizoitwa chai maharage watu waliketi wakitazamana, goti kwa goti, huku konda akining'inia nyuma na kuwahimiza wasogee.

Dhiki hiyo ilizaa murua wake. Aliyepata kiti humpakatia mzigo aliyesimama, ghairi ya kumjua. Jioni, pale Posta na Kariakoo, mwenye nguvu hurusha mkoba dirishani ili ashike kiti, na mwenye subira hugeuza na gari: hulipanda likielekea mwisho wa njia, akalipa nauli mara mbili, apate kurudi nalo ameketi.

Lakini humo mna dhuluma isiyo na udhuru, nayo ni ya wanafunzi. Madhali nauli yao ni ndogo, konda aghalabu huwazuia kwa mkono mlangoni, awapishe kwanza watu wazima, na mtoto aliyeamka gizani hufika shule kengele imekwisha kulia. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016 baina ya Kimara na mjini, nayo hujaa asubuhi hata milango ikafungwa kwa taabu. Ila huko nauli hulipwa kituoni kabla ya kupanda, wala hapana konda wa kumpima mtoto kwa nauli yake, naye hubanana na wakubwa kwa haki iliyo sawa na yao.